Chumvi ya kijani: safari ya salfeti ya nikeli kutoka Sudbury hadi Ngara

Mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro anaujua mrututu. Ni dawa ya rangi ya samawati ambayo huyeyushwa katika maji na kunyunyiziwa mibuni ili kuikinga na magonjwa ya ukungu. Wazee wa pwani nao waliutumia zamani kuchomea vidonda. Wanakemia huuita salfeti ya shaba. Mrututu una ndugu yake ambaye hajulikani sana katika masoko ya Afrika Mashariki, naye ni salfeti ya nikeli: fuwele za kijani kinachoelekea samawati, zinazopatikana pale nikeli inapoyeyushwa katika asidi ya salfuri na maji yake kuachwa yagande.

Jina lake ni geni, lakini kazi yake iko machoni pa watu kila siku. Usukani wa baiskeli unaong'aa, bomba la maji la bafuni, bampa la gari la zamani: chini ya kromu nyembamba inayomeremeta kwa kawaida kuna tabaka la nikeli, na nikeli hiyo ilitolewa kwa nguvu za umeme kutoka katika maji ya chumvi hiyo ya kijani. Katika miaka ya karibuni chumvi hiyohiyo imekuwa malighafi ya betri za mamilioni ya magari ya umeme.

Tangu biashara hii ilipoanza, wachimbaji wa jiwe na wale wanaoligeuza kuwa chumvi au metali safi mara nyingi hawakuwa watu wa nchi moja. Ugomvi juu ya jambo hilo umedumu kwa zaidi ya miaka 120, na umefika hadi wilaya ya Ngara, mkoani Kagera.

Shaba ya zimwi

Wachimbaji wa milima ya Saxony, nchini Ujerumani, walikuwa wakikutana na jiwe jekundu lililofanana sana na mawe ya shaba. Kila walipoliyeyusha hawakupata shaba, bali moshi wenye aseniki uliowadhuru. Wakaamini kwamba mashetani wa mgodini wamelichezea, wakaliita Kupfernickel, yaani shaba ya zimwi. Mwaka 1751 mtaalamu wa madini wa Uswidi, Axel Fredrik Cronstedt, alitenga kutoka katika mawe ya namna hiyo metali nyeupe ambayo haikujulikana kabla yake. Hakujishughulisha kuitafutia jina la heshima: aliiondolea shaba, akaiachia zimwi.

Kwa karibu miaka 100 metali hiyo haikuwa na kazi kubwa, isipokuwa kuchanganywa na shaba na zinki ili kutengeneza vijiko na sahani zilizofanana na za fedha. Katika miaka ya 1840 mwanakemia wa Kijerumani, Rudolf Böttger, alionyesha kwamba chuma kinaweza kuvishwa nikeli kwa kupitisha umeme katika maji yenye chumvi mchanganyiko ya nikeli na amonia. Lakini kazi hiyo ilikuwa ngumu kuifanya kila siku bila kuharibika. Tabaka lilibanduka, au lilitoka jeusi, na mafundi wakakata tamaa.

Aliyefanikiwa kuigeuza kuwa biashara ni Mmarekani Isaac Adams, wa Boston. Mwaka 1869 alipata hataza ya njia yake, na kiini chake kilikuwa usafi: chumvi ya nikeli isiyochanganyika na uchafu uliokuwa ukiharibu kazi za waliomtangulia. Kampuni iliyoishika hataza hiyo iliwafikisha mahakamani waliojaribu kufanya kazi hiyo bila kulipa ada. Kwa miaka 17, hadi hataza ilipokwisha muda wake, mwenye kuvisha nikeli jiko, bastola au baiskeli nchini Marekani alikuwa akifanya kazi chini ya kivuli cha Adams. Hivyo soko la kwanza kubwa la chumvi ya nikeli lilianza likiwa limefungwa kufuli, na ufunguo wake ulikuwa katika hati, wala si katika mgodi.

Migodi yenyewe ilikuwa mbali. Katika miaka ya 1870 Ufaransa ilianza kuchimba nikeli katika koloni lake la Kaledonia Mpya, katika bahari ya Pasifiki, visiwa ilivyokuwa ikivitumia kama gereza, na mawe yake yakasafirishwa nusu ya dunia hadi kwenye viwanda vya Ulaya. Mwaka 1883 wajenzi wa reli ya Canadian Pacific, walipokuwa wakipasua miamba karibu na mahali ambapo leo ni mji wa Sudbury, katika jimbo la Ontario nchini Kanada, walifukua mawe yenye salfa na shaba. Waliofika baadaye kuchimba walidhani wanachimba shaba. Ilipopimwa ikaonekana kwamba zimwi la Saxony lilikuwa limehamia huko.

Mwaka 1886 mfanyabiashara wa Ohio, Samuel Ritchie, na wenzake waliunda kampuni ya Canadian Copper. Jina lilikuwa la Kikanada, mtaji ulikuwa wa Kimarekani. Mawe yalichomwa na kuyeyushwa Sudbury hadi yakawa mati, yaani donge zito lenye nikeli, shaba na salfa. Mati hiyo ikapandishwa treni kwenda New Jersey, nchini Marekani, ambako kampuni ya Orford ilijua namna ya kuitenganisha nikeli na shaba. Kanada ilibaki na mashimo, moshi wa salfa ulioua miti kwa maili nyingi kuzunguka Sudbury, na mishahara ya wachimbaji.

Mwali uliobadilika rangi

Wakati huohuo, katika kijiji cha Winnington kaskazini magharibi mwa Uingereza, mwanakemia mzaliwa wa Kassel, Ujerumani, alikuwa akihangaika na tatizo lisilohusiana kabisa na nikeli. Ludwig Mond alikuwa ametajirika kwa kutengeneza magadi pamoja na mshirika wake John Brunner. Katika jaribio lake la kupata klorini kutokana na mabaki ya kiwanda, alitumia vali za nikeli, nazo zikawa zinaharibika na kufunikwa na masizi meusi. Uchunguzi ulielekeza kwenye kaboni monoksidi, gesi ileile isiyo na harufu inayowaua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa.

Mwaka 1889 Mond na wasaidizi wake, Carl Langer na Friedrich Quincke, walikuwa wakipitisha gesi hiyo juu ya nikeli laini. Kwa kuwa ni sumu, Langer aliichoma ilipokuwa ikitoka kwenye bomba. Mwali wake kwa kawaida ni wa samawati hafifu. Safari hii, chombo kilipokuwa kikipoa, mwali uligeuka ukawa mkali wenye ukijani. Walipoweka kigae baridi juu yake, kigae kilipakwa kitu kinachong'aa kama kioo. Walidhani ni aseniki, lakini walipopima wakakuta ni nikeli tupu.

Metali ngumu kama chuma ilikuwa imegeuka hewa. Gesi hiyo mpya, nikeli kabonili, hutokea kwenye joto la nyuzi 50 hivi, na ikipashwa hadi karibu nyuzi 200 huvunjika na kuiacha nikeli ikiwa safi kabisa. Shaba haifanyi hivyo, wala chuma hakifanyi hivyo kwa urahisi katika hali hiyo. Kile ambacho New Jersey ilikifanya kwa matanuri na siri za mafundi, Mond angeweza kukifanya kwa bomba na kipimajoto.

Baada ya majaribio huko Smethwick, karibu na Birmingham, kampuni ya Mond Nickel iliundwa mwaka 1900 ikiwa na migodi yake Sudbury. Kiwanda cha kusafishia hakikujengwa Kanada. Kilijengwa Clydach, katika bonde la mto Tawe nchini Wales, karibu na bandari ya Swansea, mahali palipokuwa na makaa ya mawe mazuri na watu waliozaliwa katika kazi ya kuyeyusha metali. Uzalishaji ulianza mwaka 1902. Mati ikasafiri kwa treni na meli kuvuka Atlantiki, kutoka msitu wa Ontario hadi bonde la Wales.

Hapo ndipo chumvi zinapoingia tena katika hadithi hii. Mati ilisagwa, ikachomwa, kisha ikaoshwa kwa asidi ya salfuri ili kuondoa shaba. Maji yaliyotoka yaligandishwa yakawa salfeti ya shaba, ule mrututu uliotajwa mwanzoni, nao uliuzwa kwa wakulima wa mizabibu waliokuwa wakipambana na ukungu. Sehemu ya nikeli nayo iliuzwa ikiwa chumvi kwa viwanda vya kuvisha metali. Kwa maneno mengine, wachimbaji wa Kanada na wafanyakazi wa Wales walikuwa nyuma ya glasi ya mvinyo na nyuma ya baiskeli, bila wanywaji na wapandaji kujua.

Gharama iliyolipwa Clydach

Gesi ya Mond ilikuwa na uso mwingine. Mtu aliyeivuta alihisi kichwa kuuma na kizunguzungu. Akitolewa nje kwenye hewa safi hupata nafuu, akarudi nyumbani akiamini kwamba hatari imepita. Baada ya saa 12 au siku moja na nusu, kifua hubana, pumzi zikakatika, na mapafu yakajaa maji. Katika siku za mwanzo kabisa za Clydach wafanyakazi kadhaa walikufa hivyo, na mitambo ikabidi irekebishwe ili gesi isivuje.

Kifo hicho cha haraka kilionekana, kwa hiyo kilishughulikiwa. Kile cha polepole kilichukua muda mrefu. Kufikia mapema miaka ya 1930 wakaguzi wa viwanda wa Uingereza walikuwa na taarifa za wafanyakazi wa Clydach waliopata saratani ya ndani ya pua, ugonjwa ambao kwa watu wa kawaida ni adimu sana. Kisha ikaonekana saratani ya mapafu. Mwaka 1949 serikali ya Uingereza iliziingiza saratani hizo za wafanyakazi wa nikeli katika orodha ya magonjwa ya kazini yanayolipiwa fidia. Mtaalamu Richard Doll, yuleyule aliyejulikana duniani kwa kuthibitisha uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu, alirudi kwenye takwimu za Clydach mara kadhaa. Utafiti aliouchapisha na wenzake mwaka 1970 ulionyesha kwamba hatari kubwa ya saratani ya pua iliwaangukia walioajiriwa kabla ya mwaka 1925.

Kwa muda mrefu lawama zilielekezwa kwenye ile gesi, kwa sababu ilikuwa ya ajabu na ilikuwa imekwisha kuua. Uchunguzi uliofuata ulielekeza kwingine: kwenye vumbi. Waliougua zaidi walikuwa wale waliofanya kazi kwenye matanuri ya kuchomea mati, na katika idara za salfeti ya shaba na salfeti ya nikeli. Ni watu waliokuwa wakikoroga, wakikausha na kufagia. Mwaka 1990 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kwamba misombo ya nikeli inasababisha saratani kwa binadamu. Wafanyakazi wengi wa zamani wa Clydach walikuwa wamekwisha kuzikwa miaka mingi kabla ya tangazo hilo.

Ikumbukwe kwamba usafishaji, ambao kila nchi yenye madini inautamani, ndiyo hatua yenye faida na ndiyo hatua yenye vumbi. Wanasiasa wa Ontario waliokuwa wakiudai mwanzoni mwa karne ya 20 hawakuwa na habari hizo.

Nyambizi ya Bremen

Madai hayo yalianza mapema. Mwaka 1900 bunge la Ontario lilipitisha sheria ya kutoza ada nikeli inayotoka jimboni ikiwa haijasafishwa, ada ambayo ingesamehewa kama kazi hiyo ingefanyika Kanada. Makampuni yalilalamika, serikali kuu ya Ottawa ikaonyesha kutoridhika, na sheria hiyo haikutumika kamwe. Mwaka 1902 Canadian Copper na Orford ziliunganishwa na nyingine kuwa International Nickel, kwa mtaji wa Marekani, na mati ikaendelea kwenda New Jersey. Hoja ya kampuni ilikuwa ileile ambayo imesikika tangu wakati huo katika nchi nyingi: usafishaji unahitaji asidi, kemikali na utaalamu, na vyote hivyo viko karibu na wateja, haviko karibu na mgodi.

Kilichobadilisha mambo ni vita. Nikeli ilikuwa imekwisha kuwa metali ya jeshi. Mwaka 1889 James Riley wa Glasgow alieleza mbele ya wataalamu wa chuma jinsi nikeli kidogo inavyoongeza nguvu ya chuma, na mwaka uliofuata jeshi la majini la Marekani lilijaribu mabamba ya namna hiyo kwa mizinga huko Annapolis. Tangu hapo manowari zote kubwa zilivishwa chuma chenye nikeli. Vita vilipozuka mwaka 1914, Uingereza iliizuia Ujerumani kupata bidhaa kwa njia ya bahari, lakini Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani, na nikeli ya Kanada ilikuwa ikisafishwa kwenye ardhi ya Marekani.

Julai 1916 nyambizi ya biashara ya Kijerumani iitwayo Deutschland iliibuka katika bandari ya Baltimore ikiwa na shehena ya rangi za viwandani. Haikuwa na mizinga, hivyo Marekani iliipokea kama meli ya kawaida. Mwanzoni mwa Agosti ilizama tena chini ya mawimbi, ikawapita walinzi wa Kiingereza, na kufika karibu na Bremen kabla ya mwezi huo kwisha. Ndani yake kulikuwa na mpira, bati na tani 341 za nikeli.

Kwa vita vya mamilioni ya askari tani 341 si nyingi. Lakini kwa Wakanada, ambao vijana wao walikuwa wakifa katika mahandaki ya Ufaransa, habari hiyo ilikuwa kama chumvi katika kidonda. Nikeli iliyochimbwa na ndugu zao ilikuwa inarudi kwao ikiwa risasi na mabamba ya adui. Magazeti yalichachamaa, na wanasiasa walioikaa kimya tangu mwaka 1900 wakapata sauti. Tume ya kifalme ya Ontario kuhusu nikeli, iliyokuwa imeundwa mwaka 1915, ilitoa ripoti mwaka 1917 ikisema kwamba nikeli inaweza kusafishwa Ontario kwa faida. International Nickel haikungoja kulazimishwa. Ilijenga kiwanda Port Colborne, kando ya ziwa Erie upande wa Kanada, na kikaanza kazi mwaka 1918.

Ni jambo la kutazamwa kwa makini kwamba hoja zote za kitaalamu zilizodumu kwa miaka karibu 20 zilitoweka katika miezi michache. Asidi ilipatikana, mafundi wakapatikana. Clydach nayo iliendelea. Mwaka 1929 kampuni ya Mond iliunganishwa na International Nickel, hasa kwa sababu zote mbili zilikuwa zikimiliki pande mbili za hazina moja kubwa ya madini, Frood, na ilikuwa upuuzi kuichimba kwa mashimo mawili. Mond mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 1909.

Maji yanayolipiwa nauli

Katika mwaka uleule wa nyambizi, profesa Oliver Watts wa chuo kikuu cha Wisconsin alichapisha mchanganyiko wake wa kuvishia nikeli: salfeti ya nikeli kwa wingi, kloridi ya nikeli kidogo, na asidi ya boriki. Ulifanya kazi haraka kuliko michanganyiko ya zamani, na mafundi wameufuata tangu wakati huo kwa mabadiliko madogo tu. Kwa zaidi ya miaka 70 salfeti ya nikeli ikawa bidhaa ya kawaida, isiyo na makelele, inayosafiri katika mifuko ya kilo 25 hadi kwenye karakana za vitasa, saa na vipuri.

Betri ndizo zilizoiondoa katika utulivu huo. Katika betri nyingi za lithiamu za magari, upande mmoja wa betri ni unga mweusi wenye nikeli, kobalti na manganizi. Ili metali hizo tatu zichanganyike sawasawa, salfeti zake huyeyushwa pamoja katika maji, kisha zikazamishwa kwa pamoja zikawa chembe ndogo sana. Gari moja kubwa linaweza kubeba makumi ya kilo za nikeli iliyopita katika njia hiyo. China, Japani na Korea Kusini ndizo zilizokuwa na viwanda vya kazi hiyo, na ndizo zilizoanza kuitafuta chumvi ya kijani duniani kote.

Hata hivyo chumvi hiyo ina kasoro moja ambayo mfanyabiashara yeyote wa nafaka ataielewa upesi. Fuwele zake hukamata maji. Katika kila tani 100 za fuwele za kawaida, tani 22 tu na kidogo ndizo nikeli, na takriban tani 41 ni maji yaliyofungwa ndani ya fuwele. Anayezisafirisha kutoka bara moja hadi jingine analipia maji nauli ya meli. Kwa hiyo wengi waliona nafuu kusafirisha kitu cha kati, kama vile mati, au tope la kijani la hidroksidi ya nikeli na kobalti, na kuigandisha chumvi karibu na kiwanda cha betri. Sababu hii ni ya kweli, tofauti na nyingine zilizotolewa Ontario, nayo inawasumbua wote wanaotaka kuitengeneza salfeti mgodini.

Waliothubutu walipata matokeo tofauti. Ufini, yenye migodi na wateja wa Ulaya jirani, ilianzisha kiwanda kikubwa cha salfeti huko Sotkamo mwaka 2021. Mwaka huohuo kampuni ya BHP ilitoa fuwele zake za kwanza Kwinana, Australia Magharibi. Mwaka 2024 ikatangaza kusimamisha shughuli zake zote za nikeli huko, kwa sababu bei ilikuwa imeanguka.

Aliyeiangusha bei ni Indonesia. Nchi hiyo ilipiga marufuku kusafirisha mawe ghafi ya nikeli mwaka 2014, ikalegeza mwaka 2017, na ikafunga tena kabisa Januari 2020. Umoja wa Ulaya uliishitaki katika Shirika la Biashara Duniani, na mwishoni mwa mwaka 2022 jopo la waamuzi likaupa ushindi. Indonesia ilikata rufaa, na kwa kuwa mahakama ya rufaa ya shirika hilo ilikuwa imekwama bila majaji, hukumu ikabaki hewani. Wakati huo makampuni ya China yalikuwa yakijenga viwanda kisiwa baada ya kisiwa. Mwaka 2023 kiwanda cha salfeti ya nikeli kilizinduliwa katika kisiwa cha Obi, na fuwele za Indonesia zikaanza kwenda China. Kufikia mwaka 2024 zaidi ya nusu ya nikeli yote iliyochimbwa duniani ilitoka nchi hiyo moja. Katika Kaledonia Mpya, kiwanda cha Koniambo kilizima matanuri yake mwaka huo, na mamia ya Wakanaki na wenzao wakabaki bila kazi.

Kati ya hayo yote lilitokea tukio la London ambalo wafanyabiashara hawatalisahau. Tarehe 8 Machi 2022, siku chache baada ya Urusi kuivamia Ukraine, bei ya nikeli katika Soko la Metali la London ilipanda ikavuka dola 100,000 kwa tani, kwa sababu mzalishaji mkubwa wa China aliyekuwa ameweka dau kwamba bei itashuka alilazimika kununua kwa bei yoyote. Soko likafungwa, na mauzo ya siku hiyo yakafutwa. Salfeti haiuzwi katika soko hilo, lakini bei yake ilikuwa ikihesabiwa kwa kuangalia bei ya huko. Wanunuzi wa chumvi wakajikuta wakitazama saa iliyosimama.

Kabanga

Katika milima ya Ngara, karibu na mpaka wa Tanzania na Burundi, hazina ya nikeli ya Kabanga ilichunguzwa kwa msaada wa Umoja wa Mataifa katika miaka ya 1970, wakati ambapo upande wa pili wa mpaka ilichunguzwa ile ya Musongati. Makampuni makubwa yalikuja Kabanga na kuondoka. Tangu hapo imepita miaka zaidi ya 40, na mpaka mwaka 2025 mgodi wa Kabanga ulikuwa bado haujatoa hata tani moja ya nikeli ya kuuza.

Machi 2017 serikali ya Rais John Magufuli ilipiga marufuku kusafirisha makinikia nje ya nchi, na neno hilo la wataalamu likawa neno la vijiweni. Mgogoro wenyewe ulihusu dhahabu na shaba, lakini ulibadilisha masharti ya kila mgodi uliofuata. Januari 2021 serikali ilitia saini mkataba wa kuendeleza Kabanga, na kampuni ya Tembo Nickel ikaundwa, serikali ikiwa na hisa asilimia 16. Ilipangwa kwamba usafishaji ufanyike Kahama, kwenye eneo la mgodi wa dhahabu wa Buzwagi uliokuwa ukifungwa mwaka huohuo, ambao tayari ulikuwa na umeme, barabara na uwanja wa ndege.

Mipango iliyotangazwa ilizungumzia kutoa metali iliyosafishwa kwa njia ya maji na asidi, pasipo tanuri la kuyeyushia. Kutoka Kahama hadi bandari ya Dar es Salaam ni mamia ya kilomita, na kila tani ya maji inayofungwa ndani ya fuwele itabidi ilipiwe kwenye behewa kabla ya kulipiwa melini. Walioziona hesabu za Kwinana wanalielewa hilo. Katika mabadiliko ya mwaka 2025 BHP, iliyokuwa imewekeza Kabanga, iliuza hisa zake kwa mshirika wake Lifezone Metals na kuondoka, na wakati huo viwanda vingi vya China vilikuwa vinatengeneza betri za chuma na fosfeti, zisizotumia nikeli hata kidogo.

Kiwanda cha Clydach kilitimiza miaka 120 mwaka 2022, kikiwa sasa mali ya kampuni ya Vale ya Brazil, na kikiendelea kuigeuza nikeli kuwa hewa kwa njia ileile ya Mond. Sehemu ya malighafi yake bado inatoka Kanada.